Sindano ya Mjane

Agosti, Ruwi. Ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa.
Shuka la kitanda nimelitundika ukutani kwa vibanio vya nguo,
upande wa kushoto umelegea,
kwa hiyo kila anayepita upande ule
anapinda kidogo, hata hakimu.

Filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe.
Mambo yenyewe yalitokea kweli, ndivyo inavyoanza:
mjane, mpangaji, cherehani moja,
na shoka lililokuwa la kuni.
Miye nimeiona mara kumi na tisa.
Ndiye niliyekuwa nikiizungusha kule sinema,
najua pale utepe ulipokatika nikauunga kwa gundi:
mpangaji yu mlangoni, mara yu ndani,
na watu hudhani ni ufundi wa mwongozaji.

Taa zikawaka. Kahawa ikazunguka, na maneno nayo.

Thuwaini, aliyestaafu polisi, alikuwa wa kwanza:
"Uongo mtupu. Pingu hazifungwi vile.
Na mpelelezi gani huyo, yumo topeni,
viatu vinang'aa kama vya bwana harusi?"
Muzna akasema tuacheni viatu,
tazameni kile kivuli cha ngazi,
kinavyomtangulia muuaji chumbani
kana kwamba kivuli ndicho kilichokodi.
Harith: ndefu mno. Kitabu kilikuwa bora.
(Kitabu hakukisoma. Alikiona kwa shemegi yake, Sohar.)
Ghaniya bado anafuta machozi kwa ncha ya leso:
"Macho yale, jamani. Mtoto kalelewa kwa bakora,
mlitaka awe nani?"
Mumewe: "Hata paka mwizi ana macho."
Azzan, miaka kumi na minne, uso kwenye simu:
"Damu yenyewe haina hata rangi."

Wakabishana mpaka haluwa ikagusa chini ya bakuli.
Kunyongwa kule, haki au kisasi?
Muziki ule, umezidi au umetosha?
Ghaniya akamtaja mpangaji kwa jina lake la kwanza
kama mtu anayemwulizia mpwa wake.

Bi Shinuna alikuwa kwenye kiti cha pembeni, karibu na kiyoyozi.
Miaka thelathini na miwili ameosha maiti za wanawake,
Matrah, Ruwi, mpaka Wadi Kabir,
na mikono yake hunuka karafuu maiti hata siku ya Idi.
Hakupandisha sauti.
"Nimehesabu kwa tasbihi," alisema.
"Huyo kijana kaonyeshwa uso mara arubaini na moja.
Yule mama, mara tatu.
Na ya tatu keshafunikwa."
Akanywa funda moja, akatikisa kikombe kuwa basi.
"Husemwa maiti haulizwi sanda.
Nyie hata jina hamkumwuliza.
Aliyemwosha nani? Nywele zake zilisukwa na nani?
Ndani ya saa mbili zote hizo
hamna aliyechemsha maji."

Thuwaini akatazama kucha zake.
Harith akakumbuka gari lake limeegeshwa vibaya.
Wakaagana pale mlangoni, viatu vikatafutana,
na kwenye ngazi niliwasikia wameanza tena,
wanashuka nayo: macho, kivuli, pingu.

Nimeosha vikombe. Nimefuta meza.
Jina la mwigizaji aliyekuwa mpangaji nalijua,
na farasi wake, na mke wake wa pili, na ugonjwa uliomwua.
La mjane, nimejaribu mpaka saa nane usiku.
Kwenye filamu walimbadilisha, hilo nakumbuka,
walimpa jina la kubuni, kwa heshima, walisema.
Na hilo la kubuni pia silipati.

Nikawasha mashine tena, bila sauti.
Nikairudisha mpaka dakika ya tisa.
Yupo. Karibu na dirisha, upande uliolegea,
anaelekeza uzi kwenye tundu la sindano.
Nikaisimamisha hapo.
Uso unatetemeka kidogo; ni kiyoyozi, kinapuliza shuka.
Uzi umekaribia. Haujaingia.
Mara kumi na tisa, na sikuwahi kujua
kwamba alikuwa akitumia mkono wa kushoto.